Mwokaji na Mazimwi Watatu wa Moto

Mchana, mikate ikishatoka tanurini, duka la mwokaji hutulia. Mwokaji hufungua mlango wa nyuma ili joto litoke. Hukung'uta unga mikononi, kisha huketi juu ya gunia. Saa hizo binti yake hurudi kutoka shule, naye huketi juu ya gunia la pili.

Watu wa mtaa humwita mwokaji Tanuri. Binti yake nao humwita Chiriku, jina la ndege apigaye kelele, kwa sababu tangu alipojua kusema, maneno hayakumwisha. Siku hizi Chiriku amekuwa msichana mkubwa, na nyumbani husema kidogo. Ukimuuliza shule ilikuwaje, atajibu, "Nzuri." Basi, yameisha. Lakini wakifungua mchezo wa mazimwi kwenye simu, baba na binti hupiga kelele mpaka mama, aliye kaunta, huwaambia wapunguze sauti ili wateja wasikie bei.

Mchezo wenyewe ni huu. Kila upande una mazimwi watatu. Zimwi mmoja huingia uwanjani kupigana na zimwi mmoja wa upande wa pili. Akiishiwa nguvu huanguka, na mwenzake huingia. Upande ambao mazimwi wake wote wameanguka umeshindwa.

Baba na Chiriku walikuwa na Makaa, Cheche na Kikaango. Wote watatu walikuwa wa moto.

"Moto ndio unaotulisha," baba alipenda kusema. "Nichukue nini kingine, barafu?"

Siku moja walicheza na fundi bomba, jirani wa ng'ambo ya barabara, na mwanawe. Fundi bomba alimwingiza Dimbwi, zimwi mnene wa maji. Pigo la kwanza likachukua zaidi ya nusu ya nguvu za Makaa.

"Mpige tena," baba alisema. "Dawa ya moto ni moto."

"Baba, yule si moto. Ni maji."

"Basi tumkaushe."

Hawakumkausha. Makaa alianguka, Cheche akamfuata, na Kikaango hakukaa sana. Baadaye kidogo simu ililia. Fundi bomba alikuwa ametuma ujumbe wa sauti: "Tanuri, naona jiko limezimika. Nikuletee kiberiti?"

Mama alicheka huko kaunta. Chiriku hakucheka. Aliiweka simu chini taratibu.

"Baba, mashindano ya Jumamosi."

"Tutashinda."

"Mara mbili zilizopita ulisema hivyo. Tulitolewa mechi ya kwanza." Chiriku alitazama viatu vyake. "Nimefikiria nicheze na mama mdogo."

"Mama mdogo anaujua mchezo huu?"

"Haujui. Lakini akiambiwa, anasikia."

Mashindano hayo hufanyika katika ukumbi wa mtaa, na kila mtoto hucheza na mtu mzima mmoja wa familia yake. Anayecheza pamoja hufanya mazoezi pamoja. Chiriku akienda kwa mama mdogo, gunia la pili litabaki tupu kila mchana. Baba alilijua hilo bila kuambiwa.

"Nipe Jumamosi hii moja," alisema. "Tukitolewa mechi ya kwanza, nenda kwa mama mdogo. Sitanung'unika."

Asubuhi iliyofuata fundi simu alikuja kununua mkate. Kibanda chake kimepakana na duka. Yeye ndiye mwamuzi wa mashindano, na mchezo huo anaujua ndani nje.

"Dada," baba alimwambia, "kaa kidogo. Nieleze kwa nini napigwa. Makaa wangu ana daraja kubwa kuliko mazimwi wengi wa mtaa huu."

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, kaka," fundi simu alisema, akavuta stuli. "Una kiberiti? Nipe na kikombe cha maji. Na jani moja la hilo ua lako la dirishani."

Alivipanga vitu vitatu juu ya kaunta.

"Kila zimwi ana asili yake. Moto huchoma mmea. Mmea hunywa maji. Maji huzima moto. Ukimpiga zimwi kwa pigo linaloishinda asili yake, pigo linaumiza mara mbili. Ukikosea, linaumiza nusu tu. Sasa moto wako ukipiga maji, inakuwaje?"

"Nusu."

"Na maji yakikupiga wewe?"

"Mara mbili." Baba alikuna kidevu. "Kwa hiyo napoteza nikitoa, na napoteza nikipokea."

"Hapo hapo. Na moto kwa moto ni nusu vilevile. Ile dawa yako ya moto ni moto, hapa haiponyi mtu."

Mama aliingilia. "Mimi huyu nimemwambia mara ngapi asiweke mayai yote kapu moja."

"Ulikuwa unasema habari za mayai," baba alisema. Kisha akamgeukia fundi simu. "Nimeelewa. Niwaache wa moto, nichukue watatu wa mmea."

"Si hivyo, kaka. Utakuwa umehama shimo moja ukaingia jingine. Akija mwenye moto atakuchomea wote watatu. Chukua asili tatu tofauti, ili anayemshinda mmoja wako ashindwe na mwingine. Mbakishe Makaa. Ongeza mmea, ongeza umeme. Umeme huumiza sana maji. Ila usimpeleke kwa zimwi wa udongo, maana udongo humeza umeme wote. Utapiga mpaka uchoke, hasikii kitu."

"Na nikikutana na asiyenifaa?"

"Unambadilisha. Unapoteza zamu moja, na anayeingia anapokea pigo. Kwa hiyo mwingize anayeweza kulipokea pigo hilo. Halafu, neno la mwisho." Fundi simu alichukua mkate wake. "Tazama pigo, usitazame sura tu. Zimwi wa maji anaweza kufundishwa pigo la asili nyingine. Pigo la moto ni moto hata likitoka kwa samaki."

Mchana Chiriku aliporudi, baba hakuanza kusema. Alimpa simu. "Wewe chagua wawili wapya," alisema. "Mimi nasikiliza."

Chiriku alimtazama kama mtu anayehesabu chenji. Kisha akamchagua Mzizi, zimwi wa mmea, na Ngurumo, zimwi wa umeme. Kila mchana waliwafundisha. Kila zimwi mgeni alipotokea, Chiriku aliuliza, "Asili yake?" Baba alijibu kabla ya kugusa kitu. Mara nyingine alikosea. Mara nyingine alisema "mpige tena," kisha akajikamata mwenyewe, akacheka.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mechi ya kwanza, Tanuri na Chiriku walipangwa na fundi bomba na mwanawe. Kila upande, mzazi na mtoto walipokezana zamu.

"Karibu, Tanuri," fundi bomba alisema. "Leo nimekuja na ndoo."

"Angalia isitoboke," baba alijibu.

Fundi bomba alimwingiza Povu, zimwi wa maji. Alitegemea kumwona Makaa. Baba akamwingiza Ngurumo, akapiga. Povu aliyumba, akajibu kwa pigo la maji. Chiriku akapiga mara ya pili, na Povu akaanguka. Ukumbi ukaguna.

Lakini fundi bomba naye hakuwa amelala. Alimwingiza Tuta, zimwi wa udongo. Zamu ilikuwa ya baba. Zamani angesema apige kwa nguvu zaidi.

"Umeme hapa haufai," alisema. Akamrudisha Ngurumo, akamwingiza Mzizi. Pigo la udongo likamfikia Mzizi, likamuumiza nusu tu, maana mmea hushinda udongo. Chiriku akapiga, na Tuta akaanguka.

Alibaki Dimbwi. Baba alimpiga kwa pigo la mmea, na nguvu za Dimbwi zikashuka hadi nusu. Ndipo mwana wa fundi bomba akatabasamu. Dimbwi alifungua kinywa, akatema Maji Moto, pigo la asili ya moto. Mzizi alibaki na nguvu kama za uzi.

"Amelipata wapi hilo pigo la moto?" baba aliuliza.

"Amemfundisha," Chiriku alisema. "Atalirudia." Ilikuwa zamu yake. Alimrudisha Mzizi, akamwingiza Makaa. Maji Moto yalimpiga Makaa, wala hakushtuka sana, maana moto kwa moto ni nusu.

Sasa zamu ya baba. Makaa alisimama katikati ya uwanja, mkia unawaka. Watu walianza kuita, "Tanuri, choma."

Baba alikuwa na kidole juu ya pigo. Akamtazama Chiriku.

"Fundi bomba amemwona Makaa," baba alisema polepole. "Sasa hivi atapiga kwa maji ya kawaida. Hayo ni mara mbili kwetu. Na sisi tukipiga, ni nusu." Akakiondoa kidole. "Makaa apumzike."

Akamwingiza Ngurumo. Maji yakaja kweli, mengi. Ngurumo aliyumba, akabaki amesimama.

Chiriku akapiga umeme. Dimbwi akaanguka.

Fundi simu alitangaza washindi. Fundi bomba alimpa baba mkono, akautikisa muda mrefu. "Ningeapa utachoma," alisema.

Siku hiyo walishinda na mechi ya pili. Mechi ya tatu walitolewa na mshonaji na mwanawe, waliokuwa na zimwi wa barafu aliyewagandisha Mzizi na Ngurumo, na Makaa peke yake akazidiwa. Njiani kurudi nyumbani Chiriku alieleza jinsi ya kumpata yule wa barafu, akaeleza tena, kisha akahamia mambo ya shule, mwalimu wa hesabu, rafiki yake aliyenuna wiki nzima. Mama alimbinya baba mkono. Baba hakukatiza hata neno moja.

Jumatatu mchana fundi bomba alikuja dukani. Hakutaka mkate.

"Tanuri, nieleze taratibu. Nibadilishe nani?"

Baba alimsogezea stuli. Akaweka juu ya kaunta kiberiti, kikombe cha maji na jani.

"Kila zimwi ana asili yake," alianza.

Chiriku aliinua macho kutoka gunia la pili.

"Baba, usimwambie yote. Jumamosi tunacheza naye tena."