Tangawizi Aachishwa Kutoa Mkono

Kila siku akitoka shule, Kendi alivua sare, akanywa chai, kisha akamfunga Tangawizi kamba na kumtembeza kando ya mfereji wa mtaa wao, Winson Green. Tangawizi alikuwa mbwa mnene wa rangi ya kahawia, mpole kupita kiasi. Hata bata walimdharau.

Matembezi hayo yalikuwa mazoezi. Mwisho wa mwezi, Tangawizi angefanya mtihani wa mbwa wanaotembelea wagonjwa na wazee. Akifaulu, angeruhusiwa kuingia katika nyumba ya wazee alikohamia Koko Jeanne. Huyu alikuwa jirani yao kutoka Kongo, ambako bibi huitwa koko, na ndiye aliyemlea Kendi wakati mama yake alipokuwa kazini hospitalini. Tangu ahame, Koko hakuwa na raha, na kila akipigiwa simu alimuulizia mbwa. Kendi alitamani sana kumpelekea.

Tatizo lilikuwa moja: Tangawizi alijua kutoa mkono. Kendi ndiye aliyemfundisha, maana kwao mgeni hasalimiwi kwa maneno matupu. Jumapili, watu wa kanisani walipokuja kunywa chai, Tangawizi alikaa mlangoni akamwinulia kila mmoja mguu wa mbele, na watu walicheka mpaka machozi.

“Kuanzia leo, hiyo basi,” baba yake, Mugambi, alimwambia baada ya kusoma masharti ya mtihani. “Mbwa wa wazee haruhusiwi kumwinulia mtu mguu. Umeskia?”

“Sawa, Dad.”

Aliitikia, lakini Jumapili iliyofuata Mjomba Bethuel aliponyoosha mkono, Kendi alimwacha Tangawizi asalimie. Alijiambia kwamba mara moja tu haidhuru.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi mmoja huko Moseley. Mtahini, Bi Kulwant, alimpapasa Tangawizi masikio na mkia, akaangusha sufuria nyuma yake, akampa biskuti. Tangawizi alipiga miayo. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Bi Kulwant aliposhika kalamu na kuuliza, “Huwa anainua mguu kumgusa mtu?”

“Alikuwa na tabia hiyo, lakini tulimwachisha,” Baba alijibu.

 Kendi akinyamaza, Koko angemwona mbwa wiki hiyohiyo. Lakini baba yake alikuwa amesema uongo bila kujua, na mwenye uongo huo alikuwa yeye.

“Hajaacha,” alisema. “Jumapili alimsalimia Uncle, na mimi sikumzuia.”

Baba aligeuka kumtazama. Bi Kulwant aliweka kalamu chini.

“Asante kwa kuniambia. Mrudi baada ya wiki sita.”

Kendi alilia njia nzima. Baba hakumgombeza. Walipofika nyumbani alizima gari, akasema, “Umeniaibisha kidogo leo. Lakini afadhali hivyo.”

Kazi ikaanza upya. Kila mgeni aliombwa asimpe mbwa mkono, na Mjomba Bethuel alilalamika kuwa amenyimwa salamu ndani ya nyumba ya dada yake mwenyewe. Kendi alisimama mlangoni na mfuko wa biskuti. Tangawizi alipata moja kila alipoacha miguu yote minne chini. Siku ya marudio, Bi Kulwant alimnyooshea mkono kwa makusudi. Tangawizi aliutazama, akaketi. Akafaulu.

Jumamosi iliyofuata Kendi na wazazi wake walimkuta Koko Jeanne kitini, mkono mmoja umefungwa bandeji. Tangawizi aliweka kidevu kwenye magoti yake akatulia tuli. Koko alimshika kichwa, akacheka kwa furaha.

“Mkono umefanya nini, Koko?” Kendi aliuliza.

“Ni sweta tu, mutoto yangu. Ilinichuna wakati nilikuwa navaa.”

Kendi aliitazama bandeji, kisha kucha za Tangawizi. Mama yake, Truphosa, aliyekuwa muuguzi, aliliona hilo akamshika bega.

“Ngozi ya wazee huwa nyembamba hivyo, na kucha ya mbwa ingeichana vibaya zaidi,” alisema taratibu. “Ukweli wako ulituchelewesha wiki sita, Kendi, lakini ndio uliomlinda Koko. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijamuumiza mtu mwingine.”