Nyuzi Hasi Kumi na Tano

Ebeneza alikutwa chini ya daraja dogo, kabla hujafika Matema. Alilala chali, kichwa kwenye mawe, uso na kifua vimebabuka kwa maji ya moto. Mkononi alikuwa bado amekamata kitambaa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na mfuniko wa rejeta. Juu, barabarani, pikapu yake ilisimama boneti wazi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Hadi saa moja usiku, Inspekta Felista alikuwa ameshamweka fundi Asegelile mahabusu. Tangu hapo moyo wa inspekta haukutulia.

Ushahidi ulionekana kutosha. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikufa zamani, hivyo fundi alimfungia Ebeneza simu kuukuu iliyosoma joto la injini kupitia kifaa kilichochomekwa chini ya usukani. Kipimo hicho alikitunga mwenyewe. Tena alimwambia mbele ya watu: "Ikisoma chini ya sitini, fungua mfuniko bila wasiwasi."

Jumapili asubuhi vijana wa ukoo wa marehemu walikuwa wameizunguka gereji ya fundi Kyela mjini, wana dumu la petroli.

"Afande, mkuu anataka jalada kesho," alisema Koplo Nsajigwa. "Wale vijana hawatasubiri kesho."

"Mlete fundi uani."

Asegelile aliletwa akiwa na pingu, midomo imemkauka. Pikapu ilikuwa imevutwa hadi kituoni. Felista aliingia, akazungusha ufunguo bila kuwasha injini. Simu ikawaka. Akaisoma mara mbili.

"Hasi kumi na tano."

Nsajigwa alicheka. "Kyela hii? Hata friji ya kwetu haifiki huko!"

Felista hakucheka. Injini ilikuwa imelala tangu jana. Ilipaswa kuwa na joto la hewa ya pale uani, nyuzi ishirini na tano hivi.

"Nieleze ulivyotengeneza kipimo hiki. Polepole."

"Gari linatoa namba ghafi, afande. Ukiondoa arobaini, unapata nyuzi. Kanuni ndiyo hiyo tu." Alifungua ukurasa wa mipangilio, kisha akaganda. "Hapa pameandikwa themanini. Mungu wangu! Mimi niliandika arobaini!"

"Kwa hiyo simu inapunguza nyuzi arobaini zaidi."

"Ndiyo. Injini ya tisini na nane inasoma hamsini na nane. Ukifungua hapo umekwisha."

"Uliandika lini?"

"Alhamisi."

Felista aliitazama tena ile hasi kumi na tano. Kama kosa lingekuwa la Alhamisi, Ebeneza angeliona Jumamosi alfajiri, injini ikiwa baridi.

"Angeona namba kama hii, angekupigia?"

"Ebeneza? Alikuwa ananipigia hata waipa ya kioo ikilia!"

"Simu hii inatunza kumbukumbu?"

Ilitunza. Mchoro wa Jumamosi ulipanda vizuri hadi tisini. Saa nane na dakika kumi na mbili, gari likiwa limesimama, mstari ulianguka wima hadi hamsini.

"Injini inaweza kupoa hivyo kwa sekunde moja?"

"Hata ukiitupa ziwani, afande."

"Nani alikuona ukiandika kanuni?"

"Marehemu na shemeji yake, Yotamu wa Ikombe. Yotamu ndiye aliyeuliza maswali sana."

Felista alifungua jalada. Katika maelezo yake Yotamu alisema alipanda gari Kyela, akashuka Ipinda. Inspekta akampigia Lucy, mwenye mgahawa pale Ipinda.

"Mugonile, mama," alimsalimia. "Jana saa nane Ebeneza alipita kwako?"

"Alikula ubwabwa. Shemeji yake alibaki garini, eti hana njaa."

"Huyo shemeji aliishia hapo?"

"Aishie wapi! Waliondoka wote."

"Ndaga, mama, asante."

Yotamu alitolewa msibani. Aliingia amevaa sweta la mikono mirefu, jasho likimtiririka.

"Pole na msiba," alisema Felista kwa sauti ya chini. "Vua sweta."

"Nina homa, afande."

"Vua."

Mkono wa kulia ulikuwa na malengelenge hadi kwenye kiwiko. Yotamu aliutazama kana kwamba si wake.

"Nilimvuta," alisema. "Nilichelewa. Aliruka nyuma, akadondoka."

"Kwa nini uligusa simu?"

"Alikuwa anakwenda kwetu Ikombe kumchukua binti yake, Jeni. Dada yangu alipofariki, mtoto alikuwa na miezi miwili. Mimi na mke wangu tumemlea miaka minane. Sasa baba ameoa, anamtaka. Nilijua mpira wa rejeta unavuja. Nilitaka asijue inachemka, injini iungue tu, mtumbwi wa kwenda Ikombe utuache. Gari likitengenezwa, nipate japo wiki mbili na mtoto."

"Na pale darajani?"

Nsajigwa aliacha kuandika.

"Aliniambia, 'Shemeji, imefika hamsini na nane, nifungue?' Nikajua inachemka. Nikasema moyoni, nikimwambia subiri, ataniuliza nimejuaje." Alifunika uso. "Nikamwambia, 'Fungua.'"

Felista alitoka, akamfungua Asegelile pingu kwa mkono wake mwenyewe. "Nisamehe, fundi. Nilifanya haraka." Akamtuma Nsajigwa gereji, akawaambie vijana kwamba fundi hana hatia, kabla dumu halijafunguliwa.

Felista aliporudi ndani, Yotamu alikuwa ameshasaini maelezo.

"Afande, Jeni anajua baba yake anakuja. Tangu jana anasubiri ufukweni Ikombe. Nani atamwambia?"

Felista alichukua kofia yake mezani.

"Mimi," alisema.