Fundi Cherehani na Kitabu cha Vichaka

Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa ya mwisho mtaani. Mbele yake palikuwa na barabara. Nyuma yake palikuwa na vichaka, na vichaka hivyo vilikwenda mpaka vikakutana na mchanga wa bahari. Mvua ilikuwa adimu huko. Upepo wa chumvi haukuwa adimu hata kidogo.

Fundi alikaa dirishani na cherehani yake, akishona sare, mashati na mapazia. Vitambaa alivijua. Mfumbe macho, mpe kipande, atakwambia kama ni pamba au si pamba, na kama kitadumu au kitapasuka mbele za watu. Kitu kimoja tu hakukijua: kile kilichoota nje ya dirisha lake. Kwa miaka kumi na mmoja alikiita takataka.

"Takataka za mwaka huu zimezidi ukijivu," alimwambia mkewe.

"Takataka hizo ndizo zinazokupa maziwa ya chai," mkewe alijibu. "Vaa miwani, baba watoto."

Walikuwa na mbuzi mmoja jike. Walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na ndevu, alinuna bila sababu, na hakuna aliyempita bila kumpa kitu. Maziwa yake yalikuwa ya mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu. Yakibaki, ndipo wakubwa walipata. Kila asubuhi mke wa fundi alimpeleka Shangazi vichakani, akamwachia kamba ndefu. Mbuzi alichagua mwenyewe cha kula.

Siku moja mke wa fundi aliteleza kwenye ngazi ya mlangoni. Kifundo cha mguu kikavimba kama mpira. Zahanati walimfunga bandeji, wakamwambia asitembee kwa wiki mbili.

"Sasa nani atampeleka Shangazi?" aliuliza.

"Si mimi nipo?" fundi alisema.

"Ndiyo maana nauliza."

Fundi alikuwa na sare nyingi za kumaliza. Akaona kukaa vichakani na mbuzi ni kupoteza muda. Alimfungia Shangazi bandani, akachukua kapu na mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akatoka nyuma ya nyumba.

Alisimama mbele ya vichaka kama mteja dukani. Hiki cha kijivu? Kimepauka. Hiki chenye majani madogo na miiba? Kama nguo iliyoliwa na panya. Kisha akaona kichaka cha kijani kibichi, kimejaa, kina maua ya njano na ya waridi kwenye kishada kimoja. Kilionekana kama kitambaa kipya kilichotoka kiwandani leo.

"Hiki ndicho," fundi alisema. Akajaza kapu.

Siku ya kwanza Shangazi alinusa, akageuza uso.

"Anadeka," fundi alisema.

Siku ya pili njaa ilimshika. Bandani hapakuwa na kitu kingine. Shangazi akala. Siku ya tatu akala tena, na ya nne. Fundi akajisifu kwamba kazi ya kulisha mbuzi ni rahisi, ila wanawake wanaitia chumvi.

Siku ya tano Shangazi hakula. Alijibana kwenye kona yenye giza. Fundi alipomvuta juani, alitikisa kichwa na kurudi nyuma. Ngozi ya masikio na pua ilikuwa nyekundu, imeanza kubanduka. Maziwa hayakufika hata nusu kikombe.

Mkewe alikuja akirukaruka kwa mguu mmoja, ameegemea ufagio. Alimfunua mbuzi mdomo. Fizi zilikuwa za njano.

"Umempa nini?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Mazuri tu. Yenye maua."

 Mkewe akachukua simu, akampigia mdogo wake.

Mdogo huyo wa mke wa fundi alifanya kazi kwenye kitalu cha miche cha mji. Viatu vyake vilikuwa na udongo siku zote, na mdomo wake haukujua kufungwa. Akiwa na shemeji yake, ndiyo kabisa.

"Shemeji," alisema akiingia, "nasikia umeacha kushona nguo, sasa unashona mbuzi."

Lakini alipoona kapu, kicheko kilikatika. Alichukua tawi, akaligeuza.

"Huu ni mshomoro. Una sumu, shemeji. Unaharibu ini la mbuzi. Ini likiharibika, hata jua linamchoma ngozi."

"Nilijua mbuzi hali kitu kibaya," fundi alisema.

"Akiwa huru, mara nyingi anaupita. Wewe ulimfungia, ukamnyima kuchagua. Angekula nini?"

Hapo hapo akampigia simu mganga wa mifugo. Walipokuwa wakimngoja, walitupa majani yote, wakamweka Shangazi kivulini, wakampa maji safi. Mganga alikuja, akampima, akamnywesha dawa, akampaka mafuta ya dawa masikioni.

"Maziwa yake asinywe mtu mpaka niseme mimi," alisema. "Nitakuja kila siku. Mpeni majani anayoyapenda, mabichi, kidogo kidogo. Akianza kula mwenyewe, tuna matumaini. Asipokula..." Akafunga mkoba wake.

Fundi alimtazama mtoto wake, aliyekaa sakafuni ameshika kikombe kitupu, akikigonga.

"Majani anayoyapenda ni yapi?" aliuliza.

Mkewe aliyajua yote, lakini mguu wake ulikuwa bandejini. "Nenda na shemeji yako," alisema. "Na safari hii utazame."

Asubuhi yake walitoka wawili. Fundi alibeba kapu.

"Nionyeshe ya kwetu na ya kuja," fundi alisema. "Nikijua ya kwetu, nitakata hayo tu."

"Taratibu. Jani halina cheti cha kuzaliwa," shemeji alisema. "Huwezi kulitazama tu ukajua lilitoka wapi. Kwanza ujue huu ni mmea gani. Ukishaujua, ndipo unauliza kwao ni wapi, na kama una madhara."

"Mimi naona yenye miiba ndiyo ya kwetu. Imezoea shida, kama mimi."

Shemeji alicheka, akamwonyesha mpungate, mmea wa vipande vinene vya kijani vilivyojaa miiba. "Huu una miiba kukushinda wewe na shida zako. Lakini uliletwa kutoka mbali, ng'ambo ya bahari. Na mkonge ule pale, nao uliletwa."

Akavaa glavu, akashika tawi la mshomoro. "Wewe kitambaa unakijuaje?"

"Nakishika. Nageuza upande wa ndani. Natazama pindo, nanusa."

"Basi fanya hivyo hivyo. Ila usionje. Na ukimaliza, unanawa mikono."

Fundi aliinamisha shingo, akatazama. Alianza polepole, kisha maneno yakamtoka kama anampokea mteja. "Majani yanakaa mawili mawili, yanatazamana. Pindo lake lina meno, kama limekatwa na mkasi wa meno, ule wa kuzuia nyuzi zisichomoke. Juu linakwaruza. Shina si la mviringo, lina pembe nne. Lina vimiiba vidogo." Alinusa. "Na lina harufu kali."

"Na maua?"

"Rangi mbili kwenye kishada kimoja."

"Sasa njoo kwa huyu."

Walifika kwenye kichaka kikubwa chenye matawi yaliyoinama mpaka chini. Shemeji akamwambia huo ni mswaki, mti ambao watu hukata vijiti vya kusafishia meno. Fundi aligusa jani, akarudi nyuma haraka.

"Majani mawili mawili yanatazamana. Huu nao ni mshomoro."

"Ungekuwa unashona, ungekuwa umeshakata suruali ya mtu," shemeji alisema. "Alama moja haitoshi. Endelea."

Fundi alitazama tena. Jani lilikuwa nene na laini. Pindo halikuwa na meno. Tawi lilikuwa la mviringo, halina mwiba hata mmoja. Akakubali kwamba hawa ni watu wawili tofauti waliovaa kola moja.

"Mswaki ni wa hapa hapa," shemeji alisema. "Chumvi ya bahari haiushindi. Jani lake nene linatunza maji. Matawi yake yanazuia mchanga usije kukuzika na cherehani yako. Na Shangazi anaupenda."

Wakaenda kwa mgunga, ule aliouona kama nguo iliyoliwa na panya. Shemeji alimweleza kwamba jani dogo halipotezi maji mengi juani, na kwamba mbuzi hula maganda ya mbegu zake kiangazi, wakati nyasi zimekwisha. Fundi alihesabu vijani vya kikonyo kimoja. Alipofika arobaini aliacha. Vilipangwa sawasawa, pande mbili, hakuna kilichopinda.

"Mshono huu siuwezi," alisema kwa sauti ndogo.

Kile cha kijivu ndicho kilichomshika kabisa. Alikisugua kwa kidole, akageuza jani, akalisogeza machoni.

"Shemeji, hakijapauka. Kina manyoya, kama mahameli. Juu na chini."

"Manyoya hayo yanalizuia jua na upepo."

"Kumbe kimevaa bitana."

Akageuza jani jingine, na jingine. Miaka kumi na mmoja alikuwa akitafuta vitambaa visivyochuja juani. Vilikuwa nyuma ya nyumba yake, na yeye alimwaga maji machafu juu yake.

"Basi tung'oe wageni wote," alisema kwa hasira.

"Wote? Na nani alihamia hapa miaka kumi na mmoja iliyopita, cherehani begani?"

Fundi alikohoa.

"Mwarobaini ulio mlangoni kwako uliletwa, na unakupa kivuli," shemeji aliendelea. "Uache. Lakini ndege wanabeba mbegu zake. Miche yake ikitokea huku vichakani, ing'oe ikiwa midogo. Mgeni tunayepambana naye ni yule anayeenea na kuwasukuma wenzake. Mshomoro unafanya hivyo. Ndege anakula tunda, mbegu inaanguka mbali, na kichaka kingine kinaanza."

Walirudi na mswaki na mgunga. Shangazi alinusa, akalala. Siku hiyo hakula. Ya pili alilamba jani moja, akaliacha. Fundi hakushona chochote. Alikaa kwenye mlango wa banda na tawi mkononi, akilishikilia kama mtu anayebembeleza mkwe.

Siku ya tatu asubuhi, mkewe alisikia kimya kimezidi. Alijikongoja mpaka bandani. Fundi alikuwa ameketi chini, hajisogezi, machozi yanamlenga. Shangazi alikuwa akila kutoka mkononi mwake. Alipomaliza majani, akala na kishikizo cha shati.

"Mwache," fundi alinong'ona. "Nina vishikizo vingi."

Mganga alimtibu kwa siku nyingine kadhaa. Alipotoa ruhusa ya maziwa, mwezi ulikuwa umepita. Mtoto alikunywa kikombe kizima, akakigonga sakafuni apewe kingine.

Wakati huo fundi alikuwa na kazi mpya. Mafundi wengi wana kitabu cha vipande, ambacho mteja anachagulia kitambaa. Fundi alitengeneza chake cha vichaka. Alikausha vitawi kati ya magazeti, chini ya pasi nzito isiyo na moto. Kisha akavishona kwenye kurasa za kitambaa cheupe: jani moja limegeuzwa chini juu, jingine limelala kawaida, na ua au tunda likipatikana. Mimea ya asili aliishonea pindo la kijani. Iliyoletwa, la buluu. Iliyoletwa na kuenea ovyo, jekundu. Mshomoro aliupa jekundu mara mbili.

Majirani wenye mbuzi wakaanza kuja na matawi yao. "Fundi, na hili?" Fundi aligeuza jani, akatazama pindo, akafungua kurasa. Mara nyingine alisema, "Hili silijui. Usimpe mbuzi mpaka tumuulize shemeji." Jumamosi moja walivaa glavu, wakang'oa mshomoro wa nyuma ya mabanda pamoja na mizizi, kabla haujazaa. Shemeji akaleta miche ya mswaki na migunga kutoka kitaluni, wakaipanda palepale.

Mguu wa mkewe ulipona. Asubuhi moja alinyoosha mkono kuchukua kamba ya mbuzi. Kamba haikuwepo. Ilikuwa mkononi mwa mumewe.

"Lete, niende."

"Mguu wako bado."

"Jana nimemkimbiza mtoto uwanja mzima, ukiniona."

"Hata hivyo," fundi alisema. "Wewe shona vile vishikizo." Akatoka na Shangazi, tena haraka, kabla hajakatazwa.

Alirudi jua limepanda, Shangazi tumbo duara, yeye magoti yamejaa mchanga. Hakuleta tawi lolote. Alikaa kwenye meza, akachukua ukurasa mpya na uzi, akashona umbo la mmea mfupi wenye ua dogo la zambarau. Pindo aliliacha jeupe.

Jioni shemeji alikuja. Alitazama ule mshono, akaugeuza upande wa ndani, akaugeuza tena.

"Kwa nini hukukata kipande?"

"Ulikuwa mmoja tu. Nilizunguka, sikuona mwingine."

Shemeji alikaa kimya, jambo ambalo dada yake hakuwahi kuliona. "Mmea huu hata mimi siujui," alisema mwishowe. "Kesho utanipeleka?"

"Nitakupeleka," fundi alisema. "Lakini uwe unatazama unapokanyaga, shemeji. Kule kuna wenyewe."