Kilichokuwa Ndani ya Kalavati

Asubuhi ile ya mwaka 1952, kwenye mabwawa ya chumvi ya Ivuna, Hezron alipima maji mara tatu, na mara zote akapata jibu lisilowezekana. Kazi yake ilikuwa kukadiria maji yanayotoka bwawani. Yalipita kwenye kalavati, bomba pana la saruji chini ya tuta, yakaanguka kupitia ubao uliokatwa pengo la pembetatu. Alisoma kimo kwa rula, kisha akahakikisha kwa kukinga debe huku akitazama saa. Chemchemi inayolisha bwawa ilijaza debe kwa sekunde kumi. Kalavati lililijaza kwa sekunde nne. Na bwawa halikupungua hata kidogo.

"Labda saa yako mbovu," alisema Danford, fundi aliyejenga tuta lile.

"Hebu shika maji yenyewe kwanza."

Danford alichovya vidole, akavitoa upesi. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yakivutika kama mlenda, yakinuka kama kinywa cha mgonjwa asiyesukutua siku nyingi. Kwenye pengo la ubao povu la manjano lilikuwa limenasa, na ndani yake nywele: nyeusi, nyekundu, nyingine zenye mvi.

Mama Tumpe, aliyeitunza chemchemi ile kabla tuta halijajengwa, aliitwa na wanawake waliokuwa wakichemsha chumvi, maana chumvi yao ilikataa kukauka, ikabaki vyunguni kama makamasi. Aliinama, akanusa, akatema.

"Hayo si maji, wanangu," alinong'ona. "Ni mate. Humo limelala jini, na lina njaa. Msiliguse."

"Mama, sisi ni watu wa kanisa. Huo ni mzoga umekwama," alijibu Danford. Akavua shati, akajipenyeza kichwa kwanza.

Miguu yake ilikuwa bado nje alipopiga ukelele, na ukelele ule ukakatika kana kwamba kitu kinene na laini kimejaa mdomoni mwake, na Hezron akaikamata miguu akavuta, na kitu kikavuta kutoka ndani, na jua la adhuhuri likiwaka juu yao akasikia kutoka gizani mle sauti ya kunyonya, polepole, kama mtu anayefyonza uboho wa mfupa, huku ute wa moto ukimtiririkia mikononi hadi kwapani.

"Leteni chumvi kavu!" Mama Tumpe aliamuru. "Ile ya mwaka jana! Yote!"

Wanawake wakamwaga vikapu vizima ndani ya kalavati. Tuta likatetemeka. Kalavati likacheua mara moja, likamtapika Danford pamoja na mafundo ya nywele, kucha na kwato laini zilizoyeyuka nusu. Kisha kitu cheupe kisicho na ngozi kikateleza juu ya ubao, kikajiburuta kwenye chumvi kikichemka, kikalika mpaka kikaisha, kikaacha harufu iliyowafanya wote watapike.

Danford alikuwa hai. Hakuwa na unywele hata mmoja, wala nyusi, wala kope. Ngozi yake ilikuwa nyeupe na yenye mikunjo kama ya mtu aliyelowekwa wiki nzima.

Mama Tumpe alimsugua kwa chumvi na majivu, akamwombea kwa maneno ambayo Hezron hakuyajua. Maji yakarudi kuwa maji. Hezron akaandika hesabu yake, akamshukuru Mungu, akafunga mizigo ya kurudi Tunduma.

Siku ya tatu, mchana, alipita kumuaga Danford nyumbani kwake. Alimkuta Felista, mke wa Danford, amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa kanga.

"Shemeji," alinong'ona, "nimetoka kuchota maji tu. Tazama."

Ndani, Danford alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka alipolala binti yao wa miezi saba. Kichwa cha mtoto kilimetameta kwa ute, na upande wake mmoja ulikuwa umebaki bila nywele.

Danford akageuka. Midomo yake ilikuwa imelowa.

"Msipige kelele," alisema kwa upole. "Nilikuwa namwosha tu."