Saa Imesimama, Naye Amesimama

Siku yenyewe ilianza vizuri tu, Jumanne kama Jumanne nyingine. Niliamka nikakuta barua pepe ya kumi na saba ya kunyimwa kazi, ile ya "we regret to inform you". Hawa watu hata huruma ya kubadilisha maneno hawana. Nikaosha uso, nikaenda kibandani kwa mjomba, kaka yake mama, fundi saa. Nina digrii ya takwimu, tena ya daraja la juu, na kazi yangu ilikuwa kupuliza vumbi kwenye saa za watu.

Mjomba aliniita Profesa. Wateja wakiuliza mimi ni nani, anawaambia huyu ni Profesa, yupo likizo ndefu. Wanacheka. Na mimi nacheka, meno tu.

Kibanda kilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka. Mlango mmoja, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, meza ya kioo, stuli mbili. Magoti yalimsumbua mjomba, kwa hiyo akishakaa asubuhi hanyanyuki ovyo. Akitaka kibano kilicho upande wa pili, natumwa mimi. Saa za dhahabu hakuzitaka. Alipenda saa za kawaida, zilizovaliwa mpaka zikachoka: ya muuguzi aliyestaafu, ya dereva wa lori, ya baba fulani yenye alama za meno ya mtoto kwenye mkanda. Zile ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua alizitunza kwenye bati la biskuti, kila moja na kikaratasi chake.

Alikuwa na masharti mawili. Mikwaruzo haifutwi, ni mali ya mwenyewe. Na saa ya marehemu haipangwi majira. Inaamshwa, inaachwa iende kuanzia pale ilipolalia. Wenye msiba watajua wenyewe. Hilo la pili niliona ni mambo ya wazee. Simple logic: saa isiyokwambia ni saa ngapi ni bangili.

Saa nne akaja mjane mmoja. Alifungua leso, akatoa saa ya chuma, ya kutia ufunguo, kioo kimekwaruzika. Ilikuwa ya mumewe, mlinzi wa ghala. Alisema mumewe alifia lindoni saa kumi na moja na nusu alfajiri, bado muda wa saa moja na nusu tu akabidhi zamu. Mwenzake wa kumpokea siku hiyo hakutokea. Mpaka jua linawaka, bwana wa watu yuko wima, ameegemea geti, amekufa.

Akasogeza uso karibu na mjomba, akashusha sauti.

"Fundi, saa imesimama, na yeye amesimama."

Mjomba akauliza wapi. Mlangoni kwake, akasema. Na koti lake. Anaangalia barabarani, anasubiri. Hali, halali, hakai.

"Iamshe iende, mwanangu, naye aende. Mishale msiiguse. Ifike moja yenyewe, zamu yake iishe."

Mimi niliuma midomo nisicheke. Mjomba hakucheka. Akaipokea kwa mikono miwili.

Saa saba mjomba akaenda zahanati kupima presha, akaniachia kuimalizia. Nikaifungua mgongo, nikaisafisha kwa petroli, nikaondoa mafuta yaliyoganda, nikatia tone jipya. Nikaitia ufunguo. Likaanza kuhema lile gurudumu dogo. Kazi safi, kama kawaida yangu.

Hapo ndipo nilipoangalia uso wake. Mshale mfupi ulikuwa kati ya kumi na moja na kumi na mbili. Yaani yule mlinzi alikuwa wa wale wa zamani, waliopanga mshale uonyeshe kile kile wanachotamka: wakisema saa moja, mshale uko kwenye moja. Siku hizi nani anafanya hivyo? Kwa macho yangu ilikuwa inasoma saa tano na nusu. Na saa ya ukutani ilisema saa nane kamili mchana, mshale kwenye mbili.

Msomi hawezi kuona kosa akaliacha. Nikavuta kitufe cha pembeni, nikazungusha mbele. Kumi na mbili. Moja. Pale kwenye moja kitu kilikwama kidogo, kama vidole vya mtu vimeshika vyangu, halafu kikaachia. Mbili. Nikabonyeza. Nikajipongeza.

Meza ikaingia kivuli.

Mtu alikuwa amesimama mlangoni, amenizibia mwanga. Nikasema karibu, bila kuinua kichwa. Kivuli hakikusogea. Nikainua kichwa.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Nje jua linachoma, watu wanapita na mifuko yao, muuza soksi anagombana na mteja. Kivuli kiko palepale mezani. Mabega. Kofia. Koti refu.

Mjomba akarudi. Alipofika kizingitini alisimama, akapita kwa ubavu, kama anayempisha mtu. Akaitazama saa.

"Umezungusha?"

"Nimerekebisha."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka hivyo. Na hapo tukasikia wote wawili, karibu sana, sauti ya mtu aliyekesha.

"Nani amenipokea?"

Nilifungua mdomo. Mnajua tabia yangu, swali lolote lazima nijibu mimi. Mjomba akaniziba kinywa kwa kiganja chenye harufu ya petroli.

"Mimi," akasema.

Kivuli kikaondoka mezani. Mjomba akaivaa ile saa mkononi. Kisha akasukuma stuli yake pembeni, kwa mguu.

Kesho yake mjane alikuja, macho yamevimba. Alisema mumewe mlangoni hayupo tena, zimebaki alama mbili za viatu, amezisugua hazitoki. Alimkuta mjomba wima mlangoni, saa mkononi. Akamtazama magoti. Akamwambia fundi, hebu kaa kidogo.

"Nipo kazini, mama," mjomba akasema.

Mama wa watu akaondoka bila saa yake.

Mjomba hakukaa tena. Alitengeneza saa amesimama, alikula amesimama. Mke wake alilia, akamsukumia kiti, akamvuta mkono. Ni kama kuvuta nguzo. Daktari akaandika presha. Mimi niliandika vipimo kwenye daftari, maana ndicho nilichosomea: siku, saa, mapigo ya moyo. Data nzuri sana. Haikusaidia kitu.

Nilimwomba anipe ile saa, nikamwambia kosa ni langu. Akasema, "Wewe bado una maisha, Profesa."

Maisha gani, mjomba?

Siku ya kumi na moja alinitangulia kibandani. Nilipofika asubuhi nilimkuta wima, ameshika nondo za mlango, macho barabarani. Wa baridi. Saa mkononi ilikuwa imesimama. Mshale mfupi kati ya kumi na moja na kumi na mbili.

Hakuna aliyeizungusha. Nimeuliza kila mtu.

Baada ya mazishi nilirudi peke yangu, mchana. Safari hii nikafuata sharti. Sikugusa mishale. Nikaitia ufunguo, nikaiweka mezani, nikakaa kuitazama. Ikaenda. Ikafika kumi na mbili. Nikaanza kusali, mimi niliyeacha kusali mwaka wa pili chuoni. Ikafika dakika tano kabla ya moja.

Ikasimama.

Nimejaribu siku sita. Asubuhi naikuta imerudi kwenye kumi na moja na nusu. Naitia ufunguo. Inakwenda, inakwenda, inakomea zile dakika tano. Nimeifungua, hamna uchafu, hamna jino lililovunjika. Nzima kabisa. Inasubiri tu.

Jana meza iliingia kivuli. Hakina kofia wala koti. Kimeinama kidogo upande wa kushoto, upande wa goti baya. Sikuinua kichwa.

"Profesa."

Basi, hilo tu. Mjomba hakuwa mtu wa kuomba, hata kupokewa zamu. Nilikimbia, nikaacha hata kufuli. Mpaka sasa sijajibu, na najua kila nikinyamaza yeye yupo pale, na magoti yale.

Leo asubuhi nimepigiwa simu, eti kuna intavyuu, saa nane kamili, nisichelewe. Miaka mitatu nimeisubiri simu hiyo. Nimepita kwanza kibandani kufunga mlango.

Kwenye sakafu nyekundu kulikuwa na zile alama mbili za viatu vya mjomba, pale alipofia. Nimezipaka rangi mara mbili, zinarudi. Leo pembeni yake kuna nyingine mbili, nyembamba, zinatazama barabarani. Nikavua ndala, nikapima.

Zimenienea. Na zina joto.