Matofaa ya Wambeti

Jioni Wambeti alirudi kutoka soko la Kianjokoma na karibu matofaa yote aliyoondoka nayo asubuhi. Alitua kikapu kwa kishindo hata kuku wakatawanyika.

"Leo mteja ameniuliza kama nimeyachemsha!" alifoka. "Baba Nyaga, mimi nimechoka. Nimechoka kabisa!"

Njoka, mumewe, alikuwa ananoa shoka.

"Si nilikwambia? Miti yako ni ya bure. Tofaa la supamaketi linakaa mezani wiki nzima, gumu, linang'aa. Lako linakuwa uji. Wiki hii nakata, napanda chai."

Machozi ya hasira yalimlenga Wambeti. Miti hiyo aliilea kwa maji ya ndoo kiangazi chote. Na huyu mtu hajawahi kuimwagilia hata kikombe!

Asubuhi alimpigia simu Kagure, afisa wa kilimo wa wadi yao. Kagure alipofika, aliuliza kwanza, "Mkishachuma, mnaweka wapi?"

Njoka alifungua pipa jikoni kwa fahari. Chini kulikuwa na ndizi, juu matofaa, kisha gunia na blanketi kuukuu.

"Ndizi zetu tunaivisha hivi, madam. Nikaona matofaa pia yapate joto."

"Mimi nilisema yakae kwenye kikapu!" Wambeti alidakia. "Akasema nitayaozesha!"

Kagure alicheka. "Baba Nyaga, ndizi ikiiva hutoa hewa inayoivisha matunda mengine. Ukifunika, hewa hiyo haitoki. Tofaa linalainika upesi."

"Na ya supamaketi je?" Njoka hakukubali kushindwa.

"Mengi hukaa miezi kwenye stoo za baridi, na oksijeni imepunguzwa, ndiyo maana hayaivi haraka. Kule kung'aa mara nyingi ni nta. Si mabaya, bado ni chakula kizuri. Lakini yakikaa sana, harufu hupungua, na vitamini C pia."

Njoka alileta tofaa la dukani, alilonunua ili kumnyamazisha mkewe. Kagure alilikata. Akakata na jingine, lililochumwa mtini saa hiyo hiyo. La mtini lilialika chini ya kisu na maji yakamchuruzika vidoleni. Njoka alitafuna. Akachukua kipande kingine cha lile la mtini. La dukani hakulimaliza.

"Kumbe," alisema.

"Chumeni asubuhi kukiwa na ubaridi," Kagure alisema. "Yaacheni na vikonyo vyake, msiyaangushe. Yakae kivulini, mbali na ndizi. Na mchume yale mnayoweza kuuza upesi."

Msimu uliofuata, wateja walimngoja Wambeti sokoni. Kero yake sasa ilikuwa mumewe. Asubuhi moja Wambeti alichuma tofaa moja ale.

"Wee, Mama Nyaga!" Njoka alipiga kelele. "Hilo ni la nini? Wateja watakula nini?"

"Mungu wangu, huyu mtu!" Wambeti alisema. Akaling'ata pale pale mbele yake, akala mpaka akafika kwenye mbegu.