Waya wa Nane

"Dada, wacha hiyo bodi. Ni yangu."

Awinja hakuiachilia. Ilikuwa siku ya soko mjini Kakamega, duka la vifaa vya umeme limejaa watu hadi mlangoni, na bodi ya rilei nane, swichi zinazojiwasha kwa umeme, ilikuwa imebaki moja tu. Upande wa pili ilishikwa na kijana mrefu, shati lake la samawati limenyooshwa kwa pasi kama la bwana harusi.

"Kwani imeandikwa jina lako?"

"Nimetumwa na kiwanda cha chai huko Shinyalu. Kesho kuna fundi anakuja kuifunga. Nasikia ni mkali."

"Fundi huyo ndiye mimi."

Kijana aliachia bodi, akacheka mpaka muuzaji naye akacheka. Aliitwa Isaiah, mwendesha mitambo.

Wiki mbili walisimama bega kwa bega mbele ya kabati la umeme kiwandani. Awinja alifunga nyaya, Isaiah akabonyeza vitufe, wote wakitega sikio. Rilei ikiamka hulia tak, na kitaa chake huwaka. Jioni, Awinja akirudi mtaa wa Shieywe, alikoishi peke yake tangu mamake afariki, Isaiah alipiga simu kabla hajavua viatu.

"Umekula, malkia wa waya?"

"Bado. Unaulizanga chakula kama mama mkwe."

"Mama mkwe wako ako Khayega. Naye anakuulizianga."

Siku ya kuwasha mitambo, umeme ulipofunguliwa tu, mkanda wa kubebea majani ya chai uliondoka kabla ya mtu kubonyeza chochote. Ulimminya kidole Isaiah, aliyekuwa akiusafisha. Alikifunga kwa leso, damu ikichuruzika, akamwambia meneja mbele ya wote, "Waya wa nane, wa huu mkanda, umefungwa vibaya. Mtu asiguse huu mkanda."

"Unaniaibisha mbele ya watu?" Awinja alifoka. "Si wewe ndiye ulikuwa kwa vitufe wiki hizi zote?"

Akakusanya bisibisi zake, akaenda. Isaiah alipiga simu siku tisa mfululizo, naye hakushika. Ya kumi hakupiga.

Miezi minne Awinja alipika obusuma, ugali wa mtu mmoja, na bado ukabaki. Jumapili aliketi mlangoni akisikia majirani wakiitana kula, akaitazama simu, akaigeuza kifudifudi.

Kisha meneja akapiga. Mkanda ulikuwa ukiendeshwa kwa swichi ya mkono. Aje aikague bodi.

Isaiah hakuwa zamu. Awinja alizima umeme, akachomoa nyaya upande wa mitambo, akapima rilei moja moja kwa mita. Zote zilikuwa zimelala; kwa saba za kwanza mita ilinyamaza, umeme haukuwa na njia. Kwa ya nane, mita ililia. Waya ulikuwa kwenye tundu linalopitisha umeme rilei ikilala, badala ya lile linalongoja iamke. Kibandiko cha waya huo kilikuwa na mwandiko wake mwenyewe.

Hakukuwa na mtu. Angeuhamisha kwa dakika moja, asijue yeyote. Badala yake alimwita meneja.

"Kosa ni langu. Isaiah alisema kweli."

"Yeye ndiye alikataa tulete fundi mwingine," meneja akajibu. "Alisema ukiona mwenyewe, utasema mwenyewe."

Awinja alitoka nje, akampigia Isaiah simu.

"Nani?"

"Ulifuta namba yangu?"

"Nilifuta. Sauti ndiyo imekataa kufutika."

"Isaiah, nilifunga vibaya. Na nikakuacha ukivuja damu. Nisamehe."

"Kidole kilipona. Lakini Jumatatu naenda Kericho, nimepata kazi huko. Nilichoka kupita kwa hiyo kabati kila siku."

"Kwa hiyo nimechelewa."

"Umechelewa." Akavuta pumzi. "Jumamosi mama anachinja ingokho, kuku wa kuniaga. Kuja."

"Nije kama nani?"

"Kuja kwanza. Tutajua huko."

Alienda Khayega kwa pikipiki, amevaa gauni la kijani na viatu vilivyomfinya. Mama yake Isaiah alimtazama juu hadi chini.

"Huyu ndiye alifanya ukose kula?"

"Ndiye, mama."

"Basi akae karibu nawe. Nataka kuona ukimaliza sahani."

Jumatatu Isaiah alisafiri kama alivyopanga. Awinja alisimama stendi mpaka gari likapotea, akarudi Shieywe kwa miguu, akilia bila kujificha. Chumba kilikuwa kimya kama jana. Akachukua kalenda, akatafuta Desemba, akazungushia wino siku ambayo wazee wa ukoo wa Isaiah, kwenye chakula kile cha Khayega, walikuwa wameahidi kuja kwao kumposa.